Kimya cha Usambara: nani anayetengeneza maoni ya umma?

Tangu yatangazwe matokeo ya uchaguzi wa serikali za mitaa wa tarehe 27 Novemba 2024, kuna swali linalozunguka vijiweni na kwenye makundi ya simu bila kupata jibu la kuridhisha. Chama Cha Mapinduzi kilitangazwa mshindi wa zaidi ya asilimia 98 ya nafasi nchi nzima, kama ilivyokuwa mwaka 2019. Upande mmoja unasema wananchi wamenena, na kwamba chama chenye mtandao hadi ngazi ya shina hakina la ajabu kikishinda namna hiyo. Upande mwingine unasema wagombea wake walienguliwa mapema kwa sababu za fomu, kwa hiyo wananchi hawakupewa cha kuchagua. Mtu wa kawaida amebaki katikati. Kura zile ni maoni ya umma, au ni kipimo cha jinsi mamlaka yalivyoyabana maoni hayo?

Uchaguzi mmoja hauwezi kujibu swali hili, kwa kuwa kila upande unausoma unavyotaka. Panahitajika mahali ambapo watawala wamebadilika mara nyingi juu ya watu wale wale na ardhi ile ile, na ambapo yaliyotokea yameandikwa. Lushoto na milima ya Usambara ni mahali hapo. Tangu karne ya 18, Wasambaa wametawaliwa na ukoo wa Wakilindi wa Vugha, Wajerumani, Waingereza, TANU, na kisha CCM. Kila utawala ulitaka kutiiwa na pia kukubaliwa, na si kila mmoja ulipata vyote viwili. Maelezo makubwa yanayotolewa kuhusu nguvu ya kisiasa na fikra za watu ni manne: kwamba watu hufuata bakora, kwamba hufuata maneno, kwamba hufuata mgawo, na kwamba wana msimamo wao ambao mtawala huufuata apende asipende. Yote manne yamejaribiwa katika milima hii.

Mtawala wa Vugha na tumbo la raia

Masimulizi ya asili ya Wakilindi yanamtaja Mbega, mwindaji aliyetoka Kilindi katika nchi ya Unguu akiwa amekataliwa na nduguze. Alipanda Usambara akiwagawia wenyeji nyama, akaua simba, akawaamulia mashauri yao, na hatimaye watu wa Vugha wakamfanya mkubwa wao. Kwa makadirio ya wanahistoria hilo lilitokea katika karne ya 18. Kisiasa, masimulizi hayo yana jambo moja zito: Mbega hakuiteka nchi, alikaribishwa kwa sababu alikuwa na cha kutoa.

Fikra hiyo iliwekwa wazi katika sherehe ya kumtawaza mfalme. Mrithi alikuwa akikaa Bumbuli, na mfalme alipofariki aliletwa Vugha usiku kwa siri. Kulipokucha umati ulimpokea kwa madai. Walimtaka awape mvua, awape ndizi, awape chakula, wakamwambia waziwazi kwamba ni mfalme wao, ila asipowashibisha watamwondoa. Maneno hayo yalielekezwa kwa mtu aliyekuwa na uwezo wa kuua na kuachia, naye alikaa akayasikiliza siku ya kwanza ya utawala wake.

Kwa Wasambaa siasa ilipimwa kwa hali ya nchi. Utawala mzuri ulisemwa kuwa unaiponya nchi, kuzifya shi. Utawala mbaya uliiharibu, kubana shi. Mfalme mmoja mwenye nguvu juu ya wote aliaminika kuitunza nchi kama mali yake. Wakubwa waliolingana nguvu na kupigania kiti waliaminika kuzuia mvua na kuleta njaa. Mwanahistoria Steven Feierman, aliyeishi na kuandika kwa kirefu juu ya Usambara, ameonyesha kwamba hiyo haikuwa imani ya mvua peke yake. Ilikuwa namna ya raia kuzungumzia mamlaka, kuyasifu na kuyalaumu, katika lugha ambayo mtawala asingeweza kuikana kwa kuwa ndiyo iliyomweka kitini.

Kisha mambo yakageuka. Kimweri ye Nyumbai, ambaye himaya yake ilifika hadi pwani na ambaye wageni kama Krapf na Burton walipanda milima kwenda kumsalimu, alifariki mwaka 1862. Njia ya misafara ya bonde la mto Pangani ilikuwa imeleta bunduki na nguo, na mwanawe Semboja, aliyekaa chini Mazinde, alikuwa karibu na biashara hiyo kuliko mfalme wa Vugha juu mlimani. Nguvu ikahama kutoka kwa anayeomba mvua kwenda kwa anayenunua baruti. Wabondei wakaasi, Wakilindi wakapigana wao kwa wao, watu wakakamatwa na kuuzwa utumwani. Katika kumbukumbu ya Usambara, hicho ndicho kipindi cha nguvu kwa nguvu, na ndicho kipimo cha ubaya ambacho tawala zote zilizofuata zimelinganishwa nacho.

Hoja ya kwanza: watu hufuata bakora

Wenye mtazamo huu husema maoni ya umma ni kivuli cha nguvu. Mwenye dola akiamua, watu hutii. Wakishatii muda mrefu, huzoea. Wakishazoea, huita mazoea hayo maoni yao. Ushahidi wao wa kwanza ni Wajerumani. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vugha. Baadaye wakaifanya Lushoto makao ya wilaya na kuiita Wilhelmstal, wakagawa ardhi kwa walowezi, na kuanzia mwaka 1907 hivi wakaweka mfumo wa kipande: kila mwanamume alipewa kadi iliyomlazimu kufanya kazi siku 30 kwa mzungu katika kila miezi minne. Watu walifanya kazi. Mashamba yalilimwa.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba haijidanganyi kuhusu hofu. Mtu akijua kwamba kukataa kunaweza kumpeleka jela, kauli yake hadharani haiwezi kuchukuliwa kama ilivyo. Udhaifu wake unaonekana vizuri zaidi katika kisa cha matuta, ambacho nadhani kila anayejadili utawala katika nchi hii angepaswa kukijua.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, maofisa wa Kiingereza waliona udongo wa Usambara unakwisha. Hawakukosea katika hilo. Watu walikuwa wameongezeka, ardhi nzuri ilikuwa imechukuliwa na mashamba makubwa na misitu ya hifadhi, na wakulima walikuwa wakilima miteremko mikali zaidi kila mwaka. Mwaka 1946 ukaanza mpango wa kuokoa bonde la Mlalo, na mwaka 1950 ukapanuliwa kwa Usambara kwa jumla. Amri kuu ilikuwa matuta: mkulima achimbe matuta yanayokatiza mteremko, yaliyofungwa kwa matuta madogo ya pembeni hadi shamba liwe la visanduku visanduku, ili maji ya mvua yasimame na yasiporomoshe udongo. Asiyechimba alipelekwa kwenye baraza la wenyeji, akatozwa faini au akafungwa.

Ukilitazama shamba lenyewe kwa karibu, utaelewa kwa nini amri iligonga mwamba. Kazi ya chakula shambani ilikuwa zaidi mikononi mwa wanawake, na ndio walioongezewa majembe mengi ya kupiga juu ya kupalilia, kutafuta kuni na kulea. Matuta yalikula nafasi ya mimea. Mavuno hayakuongezeka kwa kiasi cha jasho lililotumika. Tena kulikuwa na suala la ardhi ya kuazima. Maskini wengi wa Usambara waliishi kwa kuomba kipande cha shamba kwa mwenye ardhi, wakakilima msimu mmoja au miwili. Kipande kikishachimbwa matuta kinakuwa na kazi ya mtu ndani yake, na mwenye kazi anaweza kudai haki. Mwenye ardhi akiliona hilo, anaacha kuazimisha. Kwa hiyo amri iliyotolewa kwa jina la kuhifadhi udongo ilitishia mpango wa kijamii uliowawezesha wasio na ardhi kula. Waliokuja na ramani na vipimo vya mteremko hawakuuona mpango huo, kwa kuwa haukuandikwa popote.

Maofisa walitumia neno ujinga. Walisema watu hawaelewi, waelimishwe. Watu walielewa vizuri sana.

Upinzani haukuanza kwa maandamano. Ulianza kwa kuchimba vibaya, kwa kuchimba pembezoni mwa njia anakopita bwana shamba na kuacha ndani, kwa kulipa faini na kuendelea. Kisha ukapanda. Tayari mwaka 1947 umati ulikuwa umefika Vugha kudai mtawala Magogo aondoke, akilaumiwa kwa ukame na kwa kuwatumikia Waingereza badala ya raia, naye akajiuzulu. Aliyemfuata, Kimweri Mputa Magogo, alikuwa kijana aliyesoma na aliyeunga mkono mpango wa serikali, na hilo likamgharimu. Katika miaka ya 1950 wanawake kwa wanaume walijitokeza kwa wingi kuyakataa matuta. Mwaka 1957 Waingereza wakaufuta mpango.

Si Usambara peke yake. Kwa majirani zao Wapare, maelfu ya watu walikusanyika Same mwaka 1945 kupinga kodi ya mbiru hadi ikaondolewa. Uluguru, mwaka 1955, matuta yalizua ghasia zilizopoteza maisha ya mtu. Bakora ilipata miili ya watu kwa muda, na katika muda huo huo ilikuwa ikijenga maoni yaliyo kinyume chake. Wapo wanaosema Waingereza walishindwa kwa kuwa hawakuwa wakali vya kutosha. Wanasahau gharama. Kumsimamia kila mkulima kwenye kila mteremko kunahitaji askari wengi kuliko kodi inayokusanywa, na kadiri ukali unavyozidi ndivyo chifu, ambaye ndiye daraja la serikali, anavyopoteza heshima iliyomfanya awe na manufaa.

Hoja ya pili: watu hufuata maneno

Mtazamo wa pili unasema mshindi ni yule anayeandika, anayefundisha na anayetangaza. Hapa Usambara ina mfano wa kipekee katika fasihi ya Kiswahili. Habari za Wakilindi, kitabu kikubwa cha historia ya ukoo huo, kiliandikwa na Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy, aliyekuwa karani wa Semboja, na kuchapwa kwa sehemu na misheni ya Magila, Muheza, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Ni kazi ya kupendeza na yenye ukweli mwingi. Lakini ni historia iliyotoka katika nyumba ya mtawala, na vizazi vilivyosoma shule vimemjua Mbega kwa sauti yake. Wakulima waliokuwepo kabla ya Mbega wamebaki kuwa hadhira katika kisa chao wenyewe.

Wakoloni walilifahamu hilo. Serikali ya Kijerumani ilitoa gazeti la Kiongozi kutoka Tanga. Waingereza walianzisha Mambo Leo mwaka 1923, likasomwa hadi vijijini kwa ajili ya habari, mashairi na barua za wasomaji, huku likipitisha ujumbe wa serikali juu ya kilimo na kodi. Erica Fiah alipoanzisha Kwetu mwaka 1937, alikuwa akijibu pengo hilo: Mwafrika kusema kwa gazeti lake. Baada ya uhuru, redio ya taifa ikachukua nafasi ya kwanza. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilifikia watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vilichimbwa nchi nzima.

Hoja hii inaeleza jambo ambalo bakora haiwezi kulieleza: kwa nini watu hufanya mambo wakiwa peke yao, bila mgambo. Hata hivyo inahitaji kuchujwa. Mtu ni Afya haikufaulu kwa sababu ya ufundi wa matangazo tu. Kilichotakiwa kilikuwa ndani ya uwezo wa kaya, faida yake ilionekana, na kulikuwa na kikundi ambamo mtu aliuliza na kujibiwa. Waingereza nao walitangaza matuta kwa maneno mazuri, na maneno hayo yalikufa mteremkoni. TANU, iliyozaliwa Julai 1954, haikuwa na redio wala fedha za kutosha, ila iliwakuta Wasambaa wenye lugha tayari ya kumhukumu mtawala na yenyewe ikaleta neno uhuru. Maneno yake yaliota kwa kuwa udongo ulikuwa umelimwa na watu wenyewe.

Kuna ushahidi wa karibu zaidi kwamba wenye mamlaka wenyewe hawaamini kuwa maneno yanatosha. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa kuanzia mwaka 2016 hadi Januari 2023. Sheria ya Huduma za Habari ilipitishwa mwaka 2016, na kanuni za maudhui ya mtandaoni zikafuata mwaka 2018. Julai 2018 shirika la Twaweza lilitoa utafiti ulioonyesha kwamba wananchi walioridhika na utendaji wa Rais wameshuka kutoka asilimia 96 mwaka 2016 hadi asilimia 55. Majibu aliyopata mtafiti yalikuwa barua ya Tume ya Sayansi na Teknolojia ya kuuliza kibali. Mjadala ungeweza kuwa juu ya sababu za kushuka huko. Ukawa juu ya nani ana ruhusa ya kuhesabu. Serikali yenye hakika kwamba inatengeneza maoni ya umma kwa matangazo isingekuwa na haja ya kuogopa kipimo chake.

Hoja ya tatu: watu hufuata mgawo

Hii ni fupi kuieleza kwa sababu kila mtu anaijua. Mbega aligawa nyama, Semboja akagawa nguo na bunduki, mwanasiasa wa leo anagawa fulana, khanga na ahadi ya barabara. Sheria ya uchaguzi ya Tanzania iliwahi hata kuruhusu takrima, hadi Mahakama Kuu ilipoibatilisha mwaka 2006.

Ila kuna mgawo mdogo usiotajwa sana ambao una nguvu kuliko fulana. Mkazi wa Mtae au Sunga anayetaka kufungua akaunti ya benki, kuomba mkopo, kumwekea mtu dhamana au kumpeleka mtoto chuo anahitaji barua ya utambulisho yenye mhuri wa kijiji. Mwenyekiti anayeitia saini amechaguliwa kwa tiketi ya chama. Hakuna anayemtishia mkazi. Hakuna anayemwambia apige kura vipi. Anajua tu kwamba mwakani atarudi kwenye meza ile ile, na kwamba mjumbe wa shina anajua nani alikaa upande gani kwenye mkutano. Mtu wa namna hiyo akinyamaza, kumwita mwoga ni kumwonea, na kumwita mfuasi ni kumsingizia. Amefanya hesabu ya maisha yake.

Nguvu ya hoja ya mgawo ni kwamba inaeleza uthabiti: kwa nini chama hudumu hata mahali ambapo watu wanalalamika. Kasoro yake ni kudhani kwamba mwenye kupokea ameuza akili yake. Raia wa Vugha walikula nyama ya mfalme na bado walimwambia watamwondoa. Kupokea kunaweza kuwa ridhaa, na kunaweza kuwa kudai kilicho chako.

Hoja ya nne: watu wana msimamo wao

Waliobaki husema mtawala ndiye mfuasi. Kushindwa kwa matuta ni ushahidi wao mkubwa, na ni mzito. Lakini wakati mwingine husimuliwa kana kwamba umma ni mtu mmoja mwenye kauli moja, na hilo si kweli kwa Usambara ya miaka ya 1950 wala ya leo. Mwenye ardhi aliyakataa matuta kwa kuogopa kupoteza haki. Asiye na ardhi aliyakataa kwa kuogopa kunyimwa shamba. Mwanamke aliyakataa kwa uzito wa kazi. Karani kijana aliyakataa kwa sababu ya uhuru. Walikutana kwenye kukataa. Baada ya matuta kufutwa na utawala wa machifu kukomeshwa mwaka 1963, wasiwasi wa ardhi wa wale maskini haukupata msemaji kwa urahisi ule ule. Maoni ya umma yanayoonekana ni yale ambayo makundi mengi yameweza kuyabeba pamoja. Yaliyo ya kundi moja dhaifu hubaki nyumbani.

Jambo la pili ambalo hoja hii huliruka ni kwamba msimamo wa watu hubadilika mazingira yakibadilika. Tangu mwaka 1981, mradi wa kuzuia mmomonyoko na kilimo mseto, uliojulikana kama SECAP na kusaidiwa na Ujerumani, ulirudi kwenye miteremko ile ile na tatizo lile lile la udongo. Safari hii kilicholetwa ni majani ya guatemala yaliyopandwa kwenye mistari ya kontua, miti, na ng'ombe wa kulishwa zizini. Majani yalikuwa chakula cha ng'ombe, ng'ombe alitoa maziwa na samadi, samadi ilirudi shambani. Haukupokelewa kila mahali. Mashamba yaliyo mbali na nyumba yaliachwa nyuma, na kupiga marufuku malisho huria kuliwaumiza wenye mifugo bila eneo. Hata hivyo leo mtu akipita Lukozi, Malindi au Soni ataona ngazi za udongo zilizopandwa kabichi, karoti na viazi vinavyokwenda Kariakoo. Wajukuu wa waliokataa matuta wanachimba ngazi kwa hiari, kwa sababu mboga ya sokoni inalipa jasho ambalo mahindi ya mwaka 1952 hayakuweza kulilipa. Wataalamu wa 1946 walikuwa sahihi kuhusu udongo. Walikosea kuhusu nani anabeba gharama.

Kupima uzito

Ukiziweka hoja hizi kwenye mizani moja, hakuna inayosimama peke yake, lakini hazilingani pia. Ninaloliona mimi ni kwamba nguvu ya kisiasa huunda *kauli* za watu kwa urahisi na *maoni* yao kwa shida. Bakora na mhuri vinaweza kuamua mtu aseme nini mkutanini ndani ya wiki moja. Kubadili anachoamini kuhusu shamba lake, mvua yake na haki yake kumefanikiwa Usambara pale tu ambapo mambo mawili yamekutana: faida imemfikia yule anayefanya kazi, na amekuwa na nafasi ya kukataa. Redio ilifaulu ndani ya masharti hayo na majani ya guatemala yakapata wenyewe kwa njia hiyo. Nje ya masharti hayo, Waingereza walishindwa wakiwa na sheria, pesa, sayansi na chifu aliyesoma.

Kisa cha lumbesa kinathibitisha hilo kwa upande wa leo. Serikali imepiga marufuku mara kwa mara ujazaji wa magunia kupita kipimo, viongozi wamelisema kila msimu, na mkulima wa viazi wa Lushoto anaunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote kwa kuwa ndiye anayeibiwa. Bado anajaza lumbesa. Dalali ana lori, barabara ni ndefu, viazi vinaoza. Hapa nguvu ya dola na maoni ya umma viko upande mmoja kabisa na bado vinashindwa na nguvu ya tatu, ile ya soko. Wanaodhani kwamba kila jambo ni vuta nikuvute kati ya serikali na wananchi hupitwa na mfano kama huu.

Kuna gharama pia katika kuwapa watu nafasi ya kukataa, na si haki kuzificha. Maamuzi huchelewa. Udongo wa Mlalo uliendelea kuporomoka kwa miongo miwili baada ya mwaka 1957, na kizazi kizima kililima juu ya ardhi iliyochoka. Katika mkutano ulio huru, wenye ardhi na wenye ukoo mkubwa husikika kuliko mjane mwenye robo eka. Kiongozi anayeruhusu kupingwa anaweza kupoteza jambo jema aliloliona mapema kuliko wenzake. Anayetetea ukimya kwa sababu ya kasi ana hoja ya kweli. Anachokosa ni kumbukumbu ya bei iliyolipwa baadaye: Magogo aliondoka, mpango ukafutwa, na kazi iliyofanywa kwa lazima tangu mwaka 1946 ikaachwa ifutike kwa sababu haikuwa na mwenyewe.

Turudi kwenye asilimia 98. Kwa mwanga wa Usambara, tarakimu hiyo haithibitishi kwamba watu wamependa, na haithibitishi kwamba wamechukia. Inaonyesha kwamba chombo cha kupimia hakikuwa na upande wa pili. Chama tawala hakiwezi kuitumia kujua kama kinakubalika, na hiyo ni hasara kwake kuliko kwa wapinzani, maana utawala usiojua unavyohukumiwa ndio uliomkutanisha Magogo mwaka 1947 na umati mlangoni. Wapinzani nao hawawezi kuichukua kama ushahidi wa hasira iliyofichwa, kwa kuwa wengi walionyamaza walikuwa wakipiga hesabu ya barua ya utambulisho na mbegu za msimu, si ya mapinduzi.

Chombo kingine kipo, na kipo kisheria. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inautambua mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 na zaidi, unaopaswa kukutana angalau kila miezi mitatu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano huo. Ndani ya mkutano huo kuna mambo yote ambayo historia ya milima hii inayahitaji: ardhi, mapato, matumizi, na jirani anayejua ukweli wa shamba lako. Katika vijiji vingi umegeuka kuwa mahali pa kusomewa matangazo, au hauitishwi hadi mgeni wa wilayani aje. Kuufufua hakuhitaji katiba mpya wala fedha za wafadhili. Kunahitaji mihtasari ibandikwe ukutani, taarifa ya mapato na matumizi isomwe kwa tarakimu, mhuri wa barua ya utambulisho uwe kwa mtendaji aliyeajiriwa na usiwe kwa mgombea, na wilaya ikubali kwamba mkutano unaweza kusema hapana.

Kijiji ambacho mkutano wake umewahi kuikataa taarifa ya fedha, na mwenyekiti akarudi na nyingine iliyo safi, kimeshaonyesha kwamba watu wake husema wanachokiamini. Kikimpigia mwenyekiti huyo huyo kura 98 kati ya 100 katika uchaguzi unaofuata, hakuna atakayekuwa na sababu ya kubisha. Pale ambapo hapana haijawahi kuandikwa kwenye muhtasari wowote, pande zote mbili zitaendelea kuigombea tarakimu ile ile, na mkulima wa Mlalo au Mtae atabaki kuwa mtu wa kusemewa na wengine.